Kivuli cha Dirisha Kinachozuia Joto Bila Kuleta Giza: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kujaribu na Kujenga

Kila msimu wa joto wasomaji wanakuja na malalamiko yaleyale. Dirisha limewekewa tinti nyeusi, likatundikwa pazia zito, wengine wakaongeza na kofia ya zege juu yake, na bado chumba kinachemka. Ubaya zaidi, sasa ni giza: taa inawashwa saa saba mchana huku jua likiwaka nje.

Sababu huwa mbili. Ya kwanza, jua linazuiwa likiwa limekwisha kuingia. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo kwa urahisi, ukagonga pazia, sakafu na kochi, na vitu hivyo vikipata moto hutoa joto ambalo kioo hakilipitishi kurudi nje. Pazia hukusaidia usione jua, lakini joto lake unalo ndani. Tinti nayo hunyonya sehemu ya jua, kioo chenyewe kikawa cha moto, na unapoteza mwanga ambao ungekuokoa bili ya umeme.

Ya pili, nyumba nzima imepewa kofia za kipimo kimoja pande zote nne. Jua haliji hivyo. Kofia inayofanya kazi nzuri upande wa kusini inaweza kuwa pambo tupu upande wa magharibi.

Mwongozo huu unatumia Dar es Salaam kama mfano mkuu, na vipimo vya miji mingine vimo ndani. Unafaa kwa nyumba iliyokwisha kujengwa na kwa ramani ambayo bado iko mezani. Neno "kofia" humu lina maana ya bamba lolote linalotokeza juu ya dirisha, liwe la zege, bati au mbao, na "mabawa" ni mabamba yanayosimama ubavuni mwa dirisha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kwa kupima:

- Fimbo iliyonyooka ya mita moja, na uzi wenye kitu kizito nchani (timazi)
- Futi ya kupimia ya mita 5, chaki, daftari
- Uzi wa fundi mwashi wa mita 4 au 5
- Kipimapembe cha shule, kile cha plastiki kinatosha
- Pimamaji, au simu yenye programu ya kupima mlalo
- Maboksi makubwa ya kadibodi, gundi ya karatasi na vijiti viwili virefu kwa ajili ya majaribio
- Kipimajoto cha ukutani cha bei ndogo

Kwa kujenga, usinunue chochote mpaka umalize Hatua ya 7. Watu wengi hununua mabati au mbao kwanza, halafu wanatafuta kipimo kinacholingana na walichonunua.

## Hatua ya 1: Tafuta kaskazini halisi

Dira ya simu hudanganywa na nondo za ukutani, grili na gari lililoegeshwa karibu. Kosa la nyuzi 20 linatosha kuharibu hesabu zote zinazofuata, kwa hiyo tumia jua lenyewe.

Simika fimbo ya mita moja kwenye uwanja tambarare, uihakikishe kwa timazi imesimama wima. Saa tatu na nusu asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli. Funga uzi kwenye shina la fimbo, uunyooshe hadi kwenye alama hiyo, uchore duara. Kivuli kitafupika hadi mchana kisha kianze kurefuka upande wa pili. Alasiri, ncha yake ikigusa tena lile duara, weka alama ya pili. Mstari unaounganisha alama hizo mbili unakwenda magharibi hadi mashariki: alama ya asubuhi ndiyo magharibi. Mstari unaoukata kwa pembe mraba ndio kaskazini na kusini.

Kwa nini si kivuli kifupi cha saa sita, kama tulivyofundishwa shule? Kwa sababu Dar es Salaam jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 11 Oktoba. Siku hizo fimbo haina kivuli cha kusomeka mchana.

Kuna njia ya kuhakiki kwa watu wa pwani. Makka iko karibu kwenye longitudo moja na Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, kwa hiyo kibla huku kinaelekea kaskazini, tofauti ikiwa kama nyuzi moja tu. Ukiwa na msikiti jirani uliojengwa kwa kibla kilichopimwa vizuri, ukuta wa mihrabu unakuonyesha kaskazini. Mstari wako ukipishana nao sana, rudia zoezi.

Umefaulu ukiweza kusimama mbele ya kila ukuta na kusema unatazama wapi, bila kubahatisha.

## Hatua ya 2: Orodhesha madirisha na saa zake

Kwa kila dirisha andika mambo manne: linatazama upande gani, kioo kina urefu gani kutoka chini hadi juu, kioo kimezama sentimita ngapi ndani ya ukuta, na jua linaingia saa ngapi hadi saa ngapi.

Usipuuze hilo la kuzama. Kivuli kinapimwa kutoka kwenye uso wa kioo. Kioo kikizama sentimita 10, una sentimita 10 za kofia ambazo hukuzilipia.

Andika pia kilicho nje: mwembe, ukuta wa jirani, ghorofa. Dirisha la magharibi lililokingwa na nyumba ya jirani kuanzia saa tisa halihitaji shilingi yako.

## Hatua ya 3: Amua pesa ianzie wapi

Ushauri wangu ni huu, na siubadilishi kwa sababu ya sura ya nyumba: magharibi kwanza, mashariki pili, kusini tatu, kaskazini mwisho.

Jua kali likikitazama kitu moja kwa moja hukipa takriban wati 1000 kwa kila mita ya mraba. Upande wa kaskazini na kusini, katika nchi zetu, jua la mchana huwa juu sana na hukiparuza kioo kwa mshazari. Magharibi linashuka na kukitazama uso kwa uso, tena wakati hewa na kuta zimekwisha kupata joto la siku nzima. Dirisha la magharibi la mita 1.5 kwa 1.2 lisilo na kivuli linaweza kuingiza karibu kilowati moja ya joto alasiri. Ni kama kuacha pasi ya umeme imewashwa katikati ya chumba kuanzia saa tisa hadi jua kuzama.

Mashariki jua ni kali vilevile, ila asubuhi nyumba imepoa usiku kucha. Ndiyo maana inakuja ya pili. Chumba cha mtoto anayelala mchana, au cha mtu wa zamu za usiku, kinaweza kupandishwa daraja.

Kusini kunaitangulia kaskazini hapa Dar kwa sababu ya msimu. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko upande wa kusini, na hiyo ndiyo miezi ya joto. Linapoegemea kaskazini kabisa, mwezi Juni, tuko kwenye kipupwe.

Kama bado una ramani tu, suluhisho la bei rahisi kuliko yote ni kuizungusha nyumba: kuta ndefu zenye madirisha mengi zitazame kaskazini na kusini, na magharibi ubaki na stoo, bafu na ngazi. Kalamu na ufutio vinatosha.

## Hatua ya 4: Pima kina cha kofia kwa uzi

Hatua hii ni ya madirisha ya kaskazini na kusini. Ya magharibi na mashariki yaruke hadi Hatua ya 6.

Lengo ni kivuli kamili kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri kwa saa za jua. Saa za jua na za ukutani hazilingani: Dar jua hufika kileleni kwa wastani saa 6:23 mchana, Nairobi karibu saa 6:33, Mwanza karibu saa 6:48. Ukiwa Dar, ongeza kama dakika 20 kwenye kila saa ninayoitaja hapa kuwa ya jua.

Fanya hivi:

1. Funga uzi chini kabisa ya kioo, upande wa nje.
2. Weka kipimapembe pale, msingi wake ukiwa mlalo.
3. Vuta uzi nje na juu kwa pembe ya nyuzi 65 kwa dirisha la kusini, au nyuzi 52 kwa la kaskazini. Hizi ni pembe za Dar es Salaam.
4. Mwenzako ashike pimamaji usawa wa ukingo wa juu wa kioo, mahali kofia itakapokaa. Uzi unapokutana na usawa huo, pima umbali wa mlalo hadi kwenye kioo. Hicho ndicho kina.

Ukipenda hesabu kuliko uzi, hiki ni kina kwa kila mita moja ya urefu wa kioo:

- Dar es Salaam na Unguja: kusini sentimita 46, kaskazini 79
- Mombasa: kusini 52, kaskazini 72
- Mwanza: kusini 55, kaskazini 68
- Nairobi: kusini 58, kaskazini 65
- Kampala: pande zote mbili kama 61
- Mbeya: kusini 42, kaskazini 85

Dirisha la Dar lenye kioo cha mita 1.2 linahitaji basi kofia ya sentimita 55 kusini na sentimita 95 kaskazini.

Sentimita 95 ni nyingi, na kwa maoni yangu hazihitajiki. Kipimo hicho kinakinga jua la Juni asubuhi na alasiri, jua ambalo wakazi wengi wa Dar hawalilalamikii. Kofia ya sentimita 70 inakinga dirisha hilohilo saa sita mchana hata Juni, na mwezi Machi na Septemba inakinga siku karibu nzima. Mbeya na Nairobi ningekwenda mbali zaidi: Juni na Julai ni miezi ya baridi, acha jua la kaskazini liingie, punguza kina hadi nusu.

Tahadhari. Kofia ikae karibu na ukingo wa juu wa kioo. Ukiipandisha sentimita 30 juu zaidi, hizo 30 zinaingia kwenye urefu unaopaswa kukingwa.

Hapo ndipo upenu wa paa unapowaangusha wengi. Chukua upenu unaotokeza sentimita 60, ukiwa mita 2.7 kutoka sakafuni, na dirisha linaloanzia sentimita 90 hadi mita 2.1. Upande wa kusini, saa tatu ya jua mwezi Desemba, kivuli chake kinashuka mita 1.3 na kufunika zaidi ya nusu ya kioo. Upande wa kaskazini, Juni saa hiyohiyo, kinashuka sentimita 76 tu, na nyingi zinaishia ukutani juu ya dirisha. Kioo kinapata sentimita 15 au 16.

## Hatua ya 5: Ongeza upana, au weka mabawa

Kofia zenye upana sawa na dirisha ndizo zilizojaa mitaani, na ndizo zinazoshindwa. Saa sita mchana zinafanya kazi. Saa tatu jua linakuja kwa ubavu, kivuli kinasogea pembeni na kuanguka ukutani.

Kinasogea kiasi gani? Kwa ile kofia ya sentimita 55 upande wa kusini, mwezi Desemba saa tatu ya jua, kivuli cha ncha yake kinahama takriban mita 1.1 pembeni. Dirisha la upana wa mita 1.5 linabaki wazi sehemu kubwa.

Una njia mbili. Ama urefushe kofia ipite dirisha kwa mita 1 hivi kila upande, jambo linalofaa ukiwa na madirisha mawili au matatu yaliyofuatana (yaunganishe kwa kofia moja ndefu). Ama uweke mabawa mawili, kushoto na kulia, yenye kina sawa na kofia na urefu wa dirisha zima. Kwa dirisha moja lililo peke yake mabawa ni nafuu zaidi, tena yanazuia mvua ya upepo.

Angalia upepo kabla ya kuchagua. Miezi ya joto pwani upepo ni wa kaskazi, unatoka kaskazini-mashariki. Kwenye dirisha linalotazama kaskazini, bawa la upande wa mashariki likiwa refu na lisilo na nafasi yoyote linaweza kuukata. Hapo afadhali kofia ndefu, au bawa la papi (vipande vyembamba vya mbao) zenye nafasi kati yake.

## Hatua ya 6: Dirisha la magharibi ni kazi nyingine

Ukitumia uzi uleule kwa dirisha la magharibi utaona mwenyewe (la mashariki ni hivyohivyo, ila saa zake ni za asubuhi). Karibu na tarehe 11 Oktoba, saa tisa ya jua, kila mita ya kioo inataka kofia ya mita moja. Saa kumi na nusu inataka mita 2.3. Saa kumi na moja, mita 3.6. Hakuna kofia ya namna hiyo. Hiyo ni veranda.

Kama una nafasi, veranda au kibanda cha mimea itambaayo ndilo jibu zuri kuliko yote. Miti pia, ila iwe ya matawi yanayoanzia chini. Mnazi mrefu unapeleka kivuli chake kwa jirani.

Wasio na nafasi watumie luva za mlalo: papi au mbao nyembamba zilizopangwa mbele ya dirisha zikiinamia nje. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka. Upana wa ubao uwe sawa na nafasi kutoka ubao hadi ubao, na mwinamo uwe nyuzi 45, ukingo wa nje ukiwa chini. Mbao za sentimita 10 zikipangwa kila sentimita 10 kwa mwinamo huo zinakata jua lolote lililo juu ya nyuzi 22 na nusu. Kwa Dar hiyo ni hadi karibu saa kumi na nusu ya jua, na mwezi Februari, saa za ukutani zinapokuwa mbele zaidi, ni hadi saa kumi na moja.

Ukipanua nafasi hadi sentimita 15 bila kuongeza upana wa mbao, kanuni inavunjika: jua linapita kuanzia muda mfupi kabla ya saa tisa ya jua. Mafundi hupenda kupanua ili kubana mbao. Simama hapo wakati zinapigwa.

Saa moja na kitu iliyobaki kabla ya jua kuzama haizuiliki kwa kitu kisichosogea. Tundika mkeka wa mianzi wa kukunja upande wa nje, ushushe saa kumi na nusu, upandishe magharibi ikiingia. Madirisha ya zamani ya Unguja yenye mbao za luva yana akili hiyohiyo: unafungua na kufunga kadiri siku inavyokwenda.

### Na matofali ya matundu?

Ni mazuri, yakichaguliwa kwa kipimo badala ya ua. Linganisha urefu wa tundu na unene wa tofali. Tundu la urefu wa sentimita 20 kwenye tofali la unene wa 10 linazuia jua lililo juu ya nyuzi 63 tu. Alasiri jua linapita bila hodi. Tundu la 10 kwa 10 kwenye tofali la unene wa 10 linazuia hadi nyuzi 45, yaani hadi saa tisa. Tafuta tundu dogo na tofali nene. Ukuta wake usimame angalau sentimita 60 kutoka kwenye kioo, ili hewa ya moto ipande na kutoka, na wewe upate pa kuingiza ufagio.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa kadibodi

Usikose hatua hii. Kata kadibodi kwa kina na upana ulivyopata, uiegemeze juu ya dirisha kwa vijiti viwili. Kwa magharibi, kata vipande vya luva sita au saba, uvipange kwenye fremu ya vijiti na kuiegemeza mbele ya sehemu ya kioo.

Piga picha saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na nusu, ukisimama mahali palepale. Halafu ingia ndani na uketi unapoketi siku zote. Je, unaona nje? Je, mwanga unatosha kusoma?

Jaribio la leo linakuonyesha jua la leo tu. Ukipima Aprili, upande wa kusini hautakuambia lolote, kwa sababu jua liko kaskazini. Hapo uamini uzi na kipimapembe, na kadibodi uitumie kukagua mwanga na mandhari.

Umefaulu ikiwa kioo kiko kivulini saa ulizokusudia na bado hukuhitaji kuwasha taa. Kama chumba kimekuwa giza, usipunguze kina kwanza. Soma Hatua ya 9.

## Hatua ya 8: Jenga

Kufunga. Fremu ya kofia ifungwe kwenye linta ya zege juu ya dirisha, kwa bolti za kujitanua. Tofali lenyewe halishiki vizuri, hasa la uwazi. Kofia ya bati haisumbuliwi na uzito wake; upepo unaoisukuma kutoka chini ndio unaoing'oa. Kwa hiyo weka mikono ya kuikaza kutoka chini pia, usiitundike kwa juu peke yake. Kofia ya zege kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa ni kazi ya mhandisi, usiibandike kienyeji.

Nafasi ya hewa. Acha sentimita 5 hadi 10 kati ya kofia na ukuta. Hewa inayopata moto chini ya kofia itapanda na kutoka. Bila nafasi hiyo inajikusanya mbele ya dirisha na kuingia ndani unapolifungua. Jua litakalopita kwenye upenyo huo ni utepe mwembamba mchana.

Bati. Linapata moto sana na kuumimina chini. Lipake rangi nyeupe juu, na chini yake weka mbao nyembamba au plaiwudi ya nje. Utapunguza pia kelele za mvua.

Mbao. Mvule na mninga huvumilia mchwa na unyevu. Mbao laini zipakwe dawa kabla ya rangi, na ncha zilizokatwa zipakwe mara mbili, maana maji huingilia hapo.

Chuma karibu na bahari. Chumvi hailali. Tumia aluminiamu, au chuma kilichochovywa kwenye zinki. Chuma cha kawaida kipakwe rangi ya kuzuia kutu hadi ndani ya viungo vilivyochomelewa, kabla ya rangi ya juu.

Mlalo na maji. Kofia iinamie nje kidogo, sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Chini ya ukingo wake wa mbele chora mfereji mdogo ili tone lianguke badala ya kurudi ukutani.

Kutokea. Luva zisizofunguka mbele ya chumba cha kulala, juu ya grili isiyofunguka, ni mtego wakati wa moto. Angalau dirisha moja la kila chumba liwe na fremu ya luva yenye bawaba na komeo linalofunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Kagua pia kama madirisha yako ni ya kuteleza au ya kufungukia nje. Ya kufungukia nje yatagonga luva.

Mipaka. Kofia isivuke kwenye kiwanja cha jirani wala juu ya njia. Kwa ghorofa au jengo la biashara pitia kwanza halmashauri.

## Hatua ya 9: Rudisha mwanga

Kivuli kikikaa sawa, chumba hakipokei jua tena ila kinapokea mwanga wa anga, nao ni mwingi kuliko tunavyodhani. Kazi ni kuusukuma ndani.

Paka nyeupe isiyong'aa chini ya kofia, juu ya kila ubao wa luva, na kuta za ubavuni mwa dirisha. Mwanga unaotoka ardhini hugonga chini ya kofia na kurushwa kwenye dari. Kwa hiyo dari nayo iwe nyeupe. Rangi hii pekee huokoa kofia nyingi zilizolaumiwa kwa giza.

Ardhi mbele ya dirisha ina neno pia. Pevingi au saruji tupu hurusha mwanga wa kuumiza macho na joto pamoja nao. Panda ukoka au maua mafupi kwenye mita mbili za kwanza kutoka ukutani.

Mwanga wa dirisha hufika ndani takriban mara mbili ya urefu wa ukingo wake wa juu kutoka sakafuni. Dirisha linaloishia mita 2.1 linakuangazia kama mita 4. Chumba chenye kina cha mita 6 chenye dirisha upande mmoja kitakuwa na kona nyeusi hata ukiondoa vivuli vyote, na dawa yake ni dirisha la pili au kipande cha bati angavu kwenye paa la upande wa kaskazini au kusini, kikiwa kidogo.

Meza ya kazi iwekwe ubavu kwa dirisha. Ukilitazama dirisha utakodoa macho. Ukilipa kisogo, kivuli chako kitakaa kwenye karatasi.

## Hatua ya 10: Pima ulichopata

Tundika kipimajoto katikati ya chumba, mbali na ukuta wa jua, wiki moja kabla ya kujenga na wiki moja baada. Soma saa tisa na saa kumi na mbili jioni kila siku, na uandike pia joto la nje kivulini. Linganisha tofauti ya ndani na nje. Joto la ndani peke yake halina maana, kwa sababu wiki hazifanani.

Usitegemee chumba kiwe baridi kuliko kivuli cha mwembe. Chumba kizuri kisicho na kiyoyozi hukaa karibu na joto la nje kivulini. Kama bado kiko juu sana na vioo vyote viko kivulini, tatizo limehama: shika dari saa nane mchana. Ikiwa ya moto, joto linatoka kwenye bati la paa, na hakuna kofia ya dirisha itakayolitibu.

Kwa mwanga, pakua programu ya kupima luksi (kizio cha mwanga) kwenye simu. Haina usahihi wa maabara lakini inatosha kulinganisha. Luksi 300 mezani zinafaa kusomea nyumbani. Ofisini lengo la kawaida ni 500.

## Kwa wapangaji

Huna ruhusa ya kutoboa linta, basi kazi yako ni ya mikeka. Mkeka wa mianzi, au turubai ya rangi nyepesi, utundikwe nje kwenye grili, ukisogea sentimita 10 au zaidi kutoka kwenye kioo ili upepo upite. Ufungwe chini kwa kamba usije ukapiga kioo usiku. Kwenye ghorofa za juu usitundike kitu chochote kinachoweza kudondokea watu.

Ukihama, mkeka unaukunja unaondoka nao. Vipimo vya uzi viache daftarini, vitafaa nyumba nyingine iliyo mji huohuo.

## Utunzaji

Kabla ya mvua za masika kaza bolti zote na uangalie kutu kwenye viungo. Baada ya vuli futa vumbi juu ya luva, kwa sababu ubao mweupe uliochafuka haurushi mwanga. Rangi nyeupe ya chini ya kofia irudiwe inapoanza kuwa kijivu. Mikeka ya mianzi ya pwani hupukutika kutoka kwenye nyuzi zake mapema kuliko kwenye mianzi yenyewe, hivyo badilisha kamba na mkeka utaendelea kutumika.